Tunamsifu fundi kwa kuwa watoto wake si mafundi

Mjomba wangu alitengeneza magari tangu akiwa kijana mdogo kwenye karakana ya shamba la mkonge hadi mwaka aliofariki, na kwenye wasifu wa marehemu kazi yote hiyo ilipewa mstari mmoja: "Alijishughulisha na kazi zake binafsi." Msomaji aliupita upesi, akaenda kutulia kwenye watoto. Wa kwanza mhasibu, wa pili muuguzi, wa tatu mwalimu wa sekondari, wa mwisho yuko chuo. Hapo waombolezaji wakatikisa vichwa kwa kuridhika. Mzee kafa, lakini kasomesha.

Sina ubishi na kusomesha. Ubishi wangu ni juu ya namna tunavyoipiga hesabu hiyo. Kwa fundi gari, mwashi, seremala au mshona viatu, sifa kubwa tunayompa akishafumba macho ni kwamba hakuna mtoto wake anayefanya kazi aliyoifanya yeye. Daktari akiacha mtoto daktari, tunasema udaktari umo kwenye damu. Wakili naye vivyo hivyo, na mwanasiasa ndiyo usiseme. Fundi akiacha mtoto fundi, tunanong'ona kwamba ada ilimshinda. Kwa hiyo mtu anatumia uhai wake wote kuijua kazi moja, anaijua kweli, halafu tunampigia makofi kwa kuifuta nyumbani kwake.

Mjomba alizaliwa Muheza mwanzoni mwa miaka ya 1950, baba yake akiwa mkata mkonge. Wakati huo Tanganyika ilikuwa inaongoza duniani kwa zao hilo, na mwaka 1964 uzalishaji ulifika kilele cha takribani tani 230,000. Watu wanakumbuka mashamba, wachache wanakumbuka karakana zake. Kila shamba kubwa lilikuwa na korona ya kusaga majani, na korona haiwezi kusimama. Kulikuwa na matrekta, malori, jenereta, vichwa vya treni ndogo za kubebea mkonge. Vitu hivyo vilihitaji watu wa kuvifungua na kuvifunga usiku na mchana. Kijana aliyeingia pale kufagia na kuosha vyuma kwa dizeli alikuwa, bila mtu yeyote kumwambia, ameingia chuo. Mkuu wa karakana aliyemfundisha mjomba alikuwa Kalasinga mmoja, mkali, asiyependa maneno. Mjomba alisema mwaka wa kwanza hakuruhusiwa kushika kitu zaidi ya kitambaa. Alijifunza kupanga spana kwa namba kabla hajajua injini inavuta hewa kupitia wapi.

Kisha kamba za nailoni zikaushusha mkonge bei, mashamba yakataifishwa, mengine yakaachwa yakageuka pori, na karakana zikafa pamoja nayo. Vijana wa Tanga waliojua vyuma wakatawanyika. Mjomba akashukia Dar es Salaam, akapata kivuli Gerezani, na hakuondoka tena.

Mafundi wa rika lake waliivisha ujuzi wao katika miaka ambayo hakuna mtu mwenye akili angeichagua. Februari 1977 mpaka wetu na Kenya ulifungwa, haukufunguliwa hadi Novemba 1983, na spea nyingi zilikuwa zikitoka Nairobi. Katikati ikaja vita ya Kagera, malori na mabasi ya watu binafsi yakachukuliwa kwenda mbele, yakarudi yakiwa hoi, yale yaliyorudi. Fedha za kigeni hakuna, na duka la spea lilikuwa na kaunta, muuzaji na kalenda. Huo ndio wakati ambao mjomba alikata gasketi kwa mkasi kutoka kwenye karatasi ngumu iliyolowekwa oili. Alichonga bushi kwa mpira wa tairi kuukuu. Alifungua fani belti iliyokatika akaishona. Leo tunaziita mbinu hizo ubunifu na kuziandikia miradi. Wakati ule zilikuwa njia ya kumfikisha mjamzito hospitali.

Niseme kidogo juu ya Peugeot, kwa sababu mjomba asingenisamehe nikiiruka. Peugeot 404 ilitoka 1960, ikashinda mbio za Safari mwaka 1963, halafu 1966, 1967 na 1968, na jina lake likaenea Afrika Mashariki hadi vijijini. Mjomba alikuwa na sababu nyingine ya kuipenda, tena ya kifundi kabisa. Silinda zake, kama za 504 iliyofuata, zilikuwa slivu za kuchomoa, zinazozungukwa na maji. Injini nyingine ikichakaa silinda, lazima bloku iende kwenye mashine ikachongwe, na mashine hizo zilikuwa chache na foleni yake ndefu. Ya Peugeot unachomoa slivu na pistoni zake, unaingiza nyingine, unafunga, chini ya mwembe. Mfaransa aliyeichora huenda hakuwa na habari na mwembe wowote, lakini injini ile ilimstahi fundi asiye na kiwanda.

Na platini je? Ule mwanya wa platini kwenye distribyuta ya 404 unatakiwa uwe milimita 0.4. Kipimo chake ni fila geji, na fila geji ilikuwa haipatikani. Wembe wa kawaida wa kunyolea, ule wa makali mawili, una unene wa milimita 0.1. Mjomba alibana nyembe nne pamoja, akazipitisha, akakaza skrubu. Hesabu hiyo aliipata wapi sijui, maana shule yake iliishia msingi. Ila ninachojua ni kwamba mtoto wa kidato cha pili akiulizwa swali hilo kwenye mtihani wa fizikia, tutamwita mwerevu na kumtafutia shule ya vipaji.

Wanaomkumbuka kama mtu wa familia wanaanza na Jumapili. Katika miaka ile ya uhaba wa mafuta, serikali ilipiga marufuku magari binafsi kutembea Jumapili kuanzia saa nane mchana. Gari halitembei, halimharibikii mtu, fundi haitwi. Mjomba akawa na jioni moja kwa wiki ambayo hakuna mtu wa kumgongea mlango. Akajizoesha kukaa nyumbani: anaosha mikono kwa sabuni ya unga na mchanga mpaka kucha zinaonekana, anavaa msuli, anawakatia watoto machungwa ya kwao Muheza, anasikiliza mpira redioni. Marufuku ikaondolewa, mafuta yakarudi, magari yakajaa. Yeye akaendelea kuitii peke yake. Wateja wakubwa, wenye magari ya maana, walikuja Jumapili saa tisa wakakuta mtu wa msuli anayewaambia kwa adabu kwamba leo hapana. Alipoteza fedha. Mkewe alimlaumu zaidi ya mara moja, na kwa haki, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa anakopa dukani.

Sitaki kumfanya mtakatifu. Fundi gari ana jina baya mjini na jina hilo halikuzuka hewani. "Njoo kesho" imewafanya watu wazima walie. Kuna mafundi wanaofungua gari lako mara tatu ili wapate kulifunga mara tatu. Wapo wanaochomoa spea nzima na kukurudishia iliyochoka. Wapo wanaojifunzia kwenye injini yako huku wakikutazama usoni kama mabingwa. Mjomba mwenyewe "kesho" alikuwa nayo, tena ya kutosha. Alichokataa ni kusema kitu kimeharibika wakati hakijaharibika. Alikuwa na swali moja kwa kila mteja: "Usiniambie inaumwa nini. Niambie ilianza lini." Mtu alifika akiwa ameshaamua ni klachi, ameshaambiwa na shemeji yake ni klachi, ana fedha ya klachi mfukoni, na mjomba anamrudisha nyumbani akiwa amefungiwa kebo tu. Vijana wake walikasirika. Klachi ina ulaji.

Lakini na sisi wenye magari tuseme ukweli wetu. Mtu ataingia duka la spea Mtaa wa Shauri Moyo, ataambiwa laki na nusu, atalipa bila kupepesa. Atarudi gereji, fundi atamwambia ufundi elfu thelathini, na hapo ndipo mapigano yanapoanza. "Elfu thelathini kwa nusu saa?" Chuma ana adabu nacho, ujuzi anauona kitu cha kupunguziwa. Nusu saa hiyo imebeba miaka ya kufagia karakana, ila haina kiboksi chenye maandishi ya Kijapani, kwa hiyo haina bei. Fundi mwenye watoto wanne shuleni anapoona kwamba ukweli wake haulipiwi na spea inalipiwa, atafundishwa na nani kusema ukweli? Uongo mwingi wa gereji tumeununua sisi wenyewe kwa ubahili wetu.

Mtu aliyenyanyaswa hivyo, ni kweli hatataka mwanawe apite njia ile. Mjomba alikuwa na sheria: mtoto wake haji gereji ila kuleta chakula, na akishaleta anaondoka. Aliogopa wangepata ladha. Binti yake, huyu ambaye sasa ni muuguzi, aliipata hata hivyo. Alikuwa akichelewa makusudi, akashika tochi, na kufikia darasa la sita aliweza kusimama mlangoni, akasikia gari linakuja mtaani na kusema limemisi silinda moja. Baba yake alicheka kwa fahari, kisha akamfukuza arudi nyumbani akasome. Nimewahi kumuuliza dada kama alisikitika. Alinijibu kwamba kule wodini mashine ya oksijeni ikigoma, wenzake humwita yeye kabla ya kumwita fundi wa hospitali. Hakusema zaidi.

Sasa tazama upande wa Kalasinga. Joginder Singh, mzaliwa wa Kericho, aliyeshinda Safari mwaka 1965 kisha 1974 na 1976, alianzia kwenye spana katika gereji ya baba yake. Hakuna aliyemwonea huruma. Jamii ile ilileta ufundi Afrika Mashariki tangu enzi za ujenzi wa reli, ikaufanya mali ya ukoo: baba ana karakana, mtoto anaongeza mashine ya kuchonga, mjukuu anafungua duka la spea mbele. Ujuzi ukirithiwa, mtaji unarithiwa nao. Kwetu kila fundi anaanza na nyundo ya kuazima, anafika mbali kwa jasho, anakufa, na anayemfuata anaanza tena na nyundo ya kuazima. Najua walikuwa na nafasi ambazo mkoloni alitunyima sisi, na sizisahau. Ila uhuru una miaka zaidi ya 60 sasa, na kivuli cha mjomba hadi anakufa hakikuwa na hati wala paa la kudumu.

Watu wanadhani fundi wa aina yake ni wa zamani tu, kwamba teknolojia ilimwacha. Si kweli, au si kweli yote. Biashara ya kuagiza ilipofunguliwa kuanzia 1984, na zaidi katika miaka ya 1990, magari yaliyotumika Japani yalimiminika. Kabureta ikatoweka, platini ikatoweka, ikaja mifumo ya umeme ya kupulizia mafuta. Mafundi wengi wa rika lake walifunga kazi hapo. Mjomba alikuwa ameshapita miaka arobaini. Alijifunza kwa kijana mmoja fundi redio kwamba kwenye Toyota za wakati ule kuna kiboksi ndani ya boneti chenye vitundu vilivyoandikwa TE1 na E1. Ukiviunganisha kwa kipande cha waya na kuwasha swichi, taa ya chek injini inaanza kukonyeza. Inakonyeza mara mbili, inapumzika, mara mbili tena: hiyo ni 22, sensa ya joto la maji. Mbili kisha moja ni 21, sensa ya oksijeni. Hakuwa na kompyuta. Alikuwa na pini ya karatasi na daftari la shule la mwanawe ambamo aliandika namba zote kwa penseli. Mtu mwenye umri ule akijifunza mfumo mpya ofisini, anapewa posho ya semina.

Mlima wa sasa ni mkubwa zaidi na hakuumaliza. Ripoti ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2020 ilieleza kwamba kati ya 2015 na 2018 magari madogo yaliyotumika yapatayo milioni 14 yaliuzwa nje na Ulaya, Japani na Marekani. Asilimia 80 yalikwenda nchi za kipato cha chini na cha kati, Afrika ikiwa mpokeaji mkubwa kuliko wote. Wakenya hawaruhusu gari lililozidi miaka 8. Sisi tunalitoza ushuru wa uchakavu na kulipitisha. Sina neno na hilo, mimi mwenyewe naendesha gari lililozeeka mikononi mwa mtu mwingine. Lakini sera ya kuingiza magari yaliyochoka maana yake ni sera ya kuwategemea mafundi, iwe imeandikwa au haikuandikwa. Na sasa miongoni mwa magari hayo zimo haibridi. Betri kubwa ya Toyota Prius ina zaidi ya volti 200, na nyaya zake za rangi ya chungwa si za kushikwa kwa koleo lililofungwa utepe. Nani anawafundisha vijana wa Gerezani jambo hilo? Wanafundishana kwa video za simu, na mmoja akipigwa shoti wengine wanajifunza.

Mwili wa mjomba ulikuwa na historia yake. Petroli yenye madini ya risasi ilikomeshwa katika nchi za Afrika kusini mwa Sahara ilipoingia 2006. Kabla ya hapo alikuwa ameivuta kwa mdomo kupitia mpira miaka mingi na kuinawia mikono kila jioni. Ndani ya petroli kuna benzini, na kwenye breki shuu za zamani kulikuwa na asbestosi, vitu viwili ambavyo Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani limeviweka katika kundi la vinavyosababisha saratani bila shaka. Vumbi la breki alilipuliza kwa upepo wa kompresa, akicheka kwamba ni uturi wa kazi. Kilichomuua hakikuwa saratani, kilikuwa presha, kwa hiyo sidai kitu hapo. Nadai juu ya bili. Tangu sheria ya 2018, NSSF ndiyo yenye jukumu la watu waliojiajiri, na sheria ya bima ya afya kwa wote imepitishwa 2023. Hata hivyo siku alipolazwa tulipitisha mchango kwenye kundi la simu la ukoo. Fundi wa Gerezani hajawahi kumwona ofisa wa hifadhi ya jamii akimfuata pale kivulini. Wa leseni na wa usafi anawafahamu kwa majina.

Narudi kwenye urithi, maana hapo ndipo wasifu ulipokosea zaidi. Ulitaja watoto na wajukuu. Haukutaja vijana waliopita mikononi mwake, na siku ile walikuwa wamesimama nyuma kabisa, wengine na ovaroli, kwa sababu walitoka kazini moja kwa moja na hakuna aliyewapangia viti. Mjomba hakuwa mwalimu mpole. Aliwarushia maneno mazito, na mwaka wa kwanza spana boi wake alipata nauli na chakula cha mchana tu, kama yeye alivyofanyiwa. Nadhani alikosea, mtoto wa mtu hafanyi kazi mwaka mzima kwa wali maharage. Lakini aliwaachia kazi. Wapo wenye gereji zao Tabata na Mbagala, na yupo mmoja, mkubwa wao, anayeendesha ile ya Gerezani mpaka leo. Huyo alikwenda kuomba kazi kwenye karakana ya kampuni moja kubwa, akapewa gari la kujaribiwa, akalitengeneza, akaulizwa cheti. Hakuwa nacho. Akarudi.

Cheti hicho kinapatikana. VETA, iliyoundwa kwa sheria ya 1994, ina utaratibu wa kupima ujuzi alioupata mtu nje ya darasa: anaonyesha anachokijua, anafundishwa pale penye pengo, anapewa karatasi. Ni mpango mzuri kuliko mingi tuliyo nayo, na unatangazwa kwa sauti ndogo mno. Ningependa kuona watahini wakipiga kambi Gerezani, kwa zamu, badala ya kumsubiri fundi afunge kivuli, apoteze wateja wa siku na kuwafuata. Na ningependa somo la haibridi liwe ndani ya pengo hilo linalozibwa.

Kwa upande wa ukoo, tuna jambo letu la kuamua. Mtoto wa yule dada muuguzi amemaliza kidato cha nne. Kila Jumamosi alikuwa akienda kwa babu yake, na sheria ya kutokaa gereji, kwa sababu ambazo mzee hakuzieleza, kwa mjukuu huyu haikutumika. Anataka kusoma ufundi magari. Mama yake amekasirika, wajomba wanasema atakuwa amerudisha familia nyuma, na mhasibu wetu ameshapiga hesabu ya ada ya kidato cha tano shule ya binafsi. Matokeo yanatoka Januari na kikao kitakaa. Mimi nitakuwa upande wa kijana, nimeshawaambia, na lile sanduku la spana ambalo mtu mmoja alipendekeza liuzwe kwa kilo nimelihamishia kwangu mpaka kikao kiishe.